Ukingo wa Mashua Unaanzia Nachingwea

Kwa mwenye mashua, Nachingwea ni sehemu ya bahari. Aliyewahi kufika mji ule atashangaa kusikia hivyo, maana kutoka Lindi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kuelekea bara, mikorosho kushoto na mikorosho kulia, na upepo wa chumvi unakuaga kabla hujafika Mtama. Lakini waulize mafundi wanaokarabati vyombo pwani ya Lindi ubao mzuri wa ukingo unatoka wapi. Watakuonyesha kwa kidevu upande wa magharibi, kule linakotokea bonde la Lukuledi. Waulize na mafuta ya kuutunza ubao huo. Watakuonyesha upande uleule. Mninga, mkongo, ufuta, korosho: vyote ni mali ya bara. Bahari inavitumia tu, na ikiachwa bila mtu wa kuisimamia, inavimaliza.

Nilikwenda huko kutafuta mbao na mafuta. Mashua ninayoshirikiana na nahodha mmoja wa Lindi tuliinunua ikiwa imeshatumika, na mwenyewe wa kwanza alitaka ipendeze machoni pa wageni. Akaipiga vanishi kila mahali palipo juu ya maji: ukingo wote kuzunguka chombo, mbao za kukalia, gubeti, kichwa cha usukani na kana yake. Siku za mwanzo iling'aa kama kabati la sebuleni. Tulipoipokea, vanishi ilikuwa imeanza kubabuka vipande vipande vya rangi ya asali, na chini ya kila kipande mbao ilikuwa na doa jeusi. Palipopigwa misumari palikuwa peusi zaidi. Nahodha alichomeka ncha ya kisu kwenye kiungo cha ukingo karibu na tezi, kisu kikazama bila kutumia nguvu.

Tatizo la vanishi kwenye jua la kwetu linaeleweka ukifuatilia hatua kwa hatua. Mwanga wa jua una miale inayovunja gundi asilia inayoshikanisha nyuzi za mti. Ndiyo maana ubao wowote ukiachwa nje hugeuka kijivu. Vanishi inapitisha mwanga, kwa hiyo miale inapita hadi kwenye mti na kuulegeza uso wake. Vanishi nayo inakuwa imeshikilia kitu kilicholegea. Ubao hutanuka ukipata unyevu na hunywea ukikauka, ila vanishi iliyokwisha kukomaa haiwezi kuufuata, hivyo inapasuka. Mvua inaingia kwenye ufa huo, na ikishaingia haina pa kutokea, kwa kuwa tabaka lilelile lililowekwa kuzuia maji sasa linayafungia ndani. Kwenye nchi za baridi mtu anaweza kupiga koti jipya mara moja au mbili kwa mwaka akawa salama. Hapa Lindi, chombo kinachokaa juani kutwa, kazi hiyo ingekuwa ya kila baada ya miezi michache, na anayeiacha nafasi moja tu impite hana budi kukwangua yote na kuanza upya.

Jambo la pili lilinichukua muda kulielewa, ingawa nahodha alikuwa analisema kila siku: mvua ndiyo inayoua chombo, bahari inakitunza. Mtu wa bara angedhani kinyume chake. Lakini ukungu unaoozesha mbao unahitaji maji matamu na hewa. Chumvi unaikimbia. Sehemu ya chini ya mashua ina maadui wake, wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na dawa zake ni za zamani: kukipandisha chombo wakati wa bamvua, kukipitishia moto wa makuti makavu chini, kisha kukipaka deheni ya chokaa na shahamu. Kazi hiyo kila mtu pwani anaijua. Sehemu ya juu ndiyo inayosahauliwa. Inapigwa na jua kutwa, inanyeshewa masika, na maji ya mvua yanatuama kwenye viungo na kunywewa kupitia vichwa vya mbao, pale nyuzi zilipokatwa na kuachwa wazi. Mashua nyingi hufia juu.

Ndiyo sababu nahodha, mvua ikikatika, huchota maji ya bahari kwa kata na kuumwagia ukingo na mbao za kukalia. Wageni wakimwona wanadhani anaosha. Anatia chumvi.

Kutoka Lindi gari linapita Mnazi Mmoja, hapo barabara ya Mtwara inaachana na ya Masasi, kisha linafuata bonde. Kushoto uwanda wa juu wa Makonde, kulia Rondo. Rondo niliitazama kwa muda mrefu dirishani. Kule juu ndiko kulikokuwa na mvule wa kusifika kusini kote, na katika miaka ya 1950 ulikatwa kwa wingi na kushushwa kwa ajili ya biashara. Mvule ni mti mwema kwa chombo. Mafundi wanaulalamikia tu kwa sababu ya yale mawe ya chokaa yanayojitengeneza ndani ya gogo na kung'oa meno ya msumeno. Siku hizi Rondo kuna shamba la miti la serikali, na misaji imepandwa. Msaji una mafuta yake ya asili, na baharini unajitunza kuliko miti mingi. Ila bei yake mwenye mashua ya kubebea abiria na dagaa haiwezi.

Baada ya Nyangao tukafika Nanganga, tukaiacha barabara ya Masasi na kukunja kulia kuelekea Ruangwa. Njia hii zamani wakati wa mvua ilikuwa mtihani. Sasa unapita vijiji kwa haraka, watoto wamevaa jezi za Namungo, timu ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na kila baada ya muda unaona turubali limetandazwa uani na juu yake ufuta unaanikwa.

Ufuta ndio ulionisimamisha Ruangwa. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa zao hili, na hapa wakulima wanauuza kupitia chama chao kikuu cha RUNALI, jina lililofumwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Msimu ukifika magunia yanajaa maghalani, mnada unafanyika, na mbegu zinaondoka kwenda China, Japani na kwingineko. Mkulima anapata bei, nami nafurahi kwa ajili yake. Lakini kinachobaki kwa ajili ya kukamuliwa hapahapa ni kidogo, na mwenye chombo anayetaka mafuta ya ufuta ya kupaka mbao anashindana na jiko la mtu huko Asia.

Nilimkuta mama mmoja mwenye mashine ndogo ya kukamulia, nyuma ya soko. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nataka lita ngapi na kama nina chupa zangu. Nilipomwambia mafuta ni ya mashua alisimamisha mashine.

"Mafuta ya kula, mwanangu, ukaupake mtumbwi?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba mabaharia wa pwani hii, tangu majahazi ya Uarabuni yanakuja na kaskazi na kurudi na kusi, wamekuwa wakiloweka pamba ya kalafati kwenye mafuta ya ufuta au ya nazi, na kwamba mbao za juu nazo zilipakwa mafuta ya namna hiyo, mara nyingi yakichanganywa na sifa, yale mafuta ya ini la papa. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema kama ni hivyo sihitaji yaliyochujwa, akanimiminia yaliyotuama chini ya pipa, mazito, yenye chembechembe za mashudu, kwa bei ya chini. Nikamwomba pia ya juu kidogo. Chembe za mashudu zikibaki juu ya ubao zinavuta ukungu, kwa hiyo yale mazito nilijua nitayachuja kwa kitambaa nyumbani.

Mafuta ya ufuta yana tabia moja inayofaa kujulikana. Hayachachi upesi. Yana kinga yake ya asili inayozuia hewa isiyaharibu, ndiyo maana chupa inakaa kabatini miezi na bado inanukia vizuri. Kinga hiyohiyo huchangia kuyafanya yasikauke juu ya ubao. Mafuta yanayokauka, kama ya kitani, hushika hewa na kugeuka ngozi. Ya ufuta hubaki mafuta. Anayeyapaka kwa wingi na kuyaacha atapata ukingo unaonata, uliojaa vumbi na manyoya ya kunguru. Yanatakiwa yapakwe membamba, ya uvuguvugu, yaingie ndani, na yote yasiyoingia yafutwe kwa tambara. Hayafanyi gamba juu ya ubao, kwa hiyo hakuna kitu cha kubabuka. Yakipungua unaongeza. Hakuna kukwangua.

Na karanga? Mama yule alinionyesha na za kwake. Mafuta ya karanga ni mazito kukauka hata kuliko ya ufuta, hayafai kwa ubao, lakini huwezi kutaja karanga kwenye njia ya Ruangwa kwenda Nachingwea ukaishia hapo.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilipanga kugeuza mapori ya Tanganyika kuwa mashamba ya karanga, mamilioni ya ekari, ili kuziba pengo la mafuta ya kula baada ya vita. Sehemu tatu zilichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa bandari Mtwara, na reli ikalazwa kutoka pwani hadi huku. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za shamba. Minyororo ilivutwa kati ya mashine mbili kung'oa miti. Januari 1951 mpango ulitelekezwa, ukiwa umemeza makumi ya mamilioni ya pauni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Historia hii watu huisimulia kama hasara ya fedha. Mimi nikipita pale nafikiria miti. Pori lililong'olewa lilikuwa miombo, na miombo ndiyo makao ya mninga. Gogo ambalo lingetosha ukingo wa mashua ishirini lilisukumwa kwenye biwi na kuchomwa ili karanga ipate nafasi, na karanga yenyewe haikustawi.

Nachingwea ya leo ni mji wa shughuli. Mitaa mingine bado inaonyesha kwamba ilipimwa na watu waliokuja na mipango mikubwa. Baadaye mashamba yaliyoachwa yalipata wageni wengine: FRELIMO walifanya hapa kambi yao kuu ya mafunzo kuanzia miaka ya 1960, kwenye shamba namba 17, na Samora Machel alipita humu kabla hajawa Rais wa Msumbiji. Nilipita upande huo jioni, lakini nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kwenye banda la mbao karibu na kituo cha magari.

Seremala mwenyewe ni mzee wa Kimwera, mtu asiyeharakisha neno. Nilimwambia nataka mbao za ukingo wa mashua, mninga, kavu. Hakunipeleka kwenye rundo la mbele. Alinipeleka nyuma, mbao zilipopangwa kivulini zikitenganishwa na vipande vidogo ili hewa ipite, akachomoa moja, akaishika katikati kwa vidole viwili na kuigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia. Akachomoa ya pili, akagonga, mlio ukawa mzito. "Hii bado inakunywa," akasema, akairudisha.

Kisha akanifundisha kuangalia. Ubao wa mninga una rangi mbili. Kiini ni cha kahawia, mara nyingine chenye michirizi ya zambarau au dhahabu, na kando yake kuna tabaka jeupe la nje ya mti. Kiini hakiliwi na mchwa kirahisi wala hakiozi upesi. Lile jeupe halina kinga yoyote. Wadudu watoboao mbao wanaliingia hata kabla halijafika baharini. Mbao nyingi zinazouzwa zina ukanda wa jeupe upande mmoja, na muuzaji mjanja anaupaka mafuta machafu ili ulingane na mwenzake. Mzee alilowesha kidole kwa mate, akapangusa ukingo wa ubao, jeupe likajitokeza. Akaniambia kwa mlango wa chumbani haidhuru, kwa chombo ni kosa.

Ndipo akachukua randa na kuupitishia ubao mara moja. Harufu ya mninga uliorandwa sasa hivi inafanana na kitu cha kuliwa, na vumbi lake linawasha pua. Utepe uliotoka kwenye randa ulijikunja mrefu bila kukatika. Akanionyesha kichwa cha ubao, pale duara za mti zinapoonekana, akasema nichague mbao ambazo mistari yake inasimama wima kama meno, si zile ambazo mistari imelala kama tabasamu. Ubao wa mistari iliyolala hupindika. Hata hivyo mninga ni mpole sana katika hili. Ni miongoni mwa miti inayonywea kidogo mno inapokauka, na inayotanuka kidogo mno inapolowa, kuliko karibu mbao zote za biashara. Kwenye ukingo, unaolowa na kukauka mara kadhaa kwa siku moja, hiyo ndiyo sifa ya kwanza. Uzuri wa rangi unafuata baadaye sana.

Niliuliza kuhusu mkongo. Alikuwa nao kidogo. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu watoto wanachezea, na kwa kichwa cha usukani au pale kamba zinaposuguana hauna mpinzani. Nikanunua kipande kimoja cha kana.

Nilipomuuliza mzee mninga unatoka umbali gani siku hizi, alielekeza upande wa Liwale, akasema zamani ulikuwa unatoka pale, akionyesha nyuma ya nyumba za jirani. Hapa ndipo jambo la kutunza mbao linapokuwa zito kuliko mashua yangu. Mninga haupandwi shambani ukakubali. Mche wake, baada ya kuota, hufa juu kila kiangazi kwa ukame na moto wa pori, huku mzizi ukiendelea kunenepa chini ya udongo, na unaweza kufanya hivyo miaka mingi kabla haujapata nguvu ya kurusha shina lisilokufa. Baada ya hapo unahitaji karibu karne nzima kupata kiini kinachofaa kupasuliwa mbao. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kabisa. Mti niliokuwa nimeshika ubao wake huenda uliota kabla ya mkoloni wa karanga kuwaza kuja. Kila ukingo unaoachwa kuoza kwa sababu mwenyewe hakupaka mafuta unakatiwa mti mwingine wa namna hii, na wa kuziba pengo lake hayupo njiani. Kilwa kuna vijiji vilivyojimilikisha misitu yao kisheria na kuvuna kwa kiasi, vikapata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, na mpingo wao na mninga wao unauzwa kwa heshima. Nawaheshimu sana watu wale. Lakini mwenye mashua hawezi kuwaachia wao peke yao kazi ya kuokoa mninga. Chupa ya mafuta na tambara ni hifadhi ya msitu pia.

Mzee aliposikia nahangaika na mafuta ya ufuta alitikisa kichwa, akaingia ndani, akarudi na chupa ya kioevu cheusi kama kahawa iliyochemka sana. Ni mafuta ya ganda la korosho. Anayapata kwa maganda ya wabanguaji, anayachoma taratibu kwenye debe lililotobolewa chini, na kinachodondoka anakikinga. Amepaka nguzo za banda lake, na mchwa hawajazigusa.

Kila aliyebangua korosho kwa mkono anayajua mafuta haya kwa maumivu. Yanachubua ngozi, akina mama hujipaka majivu viganjani kabla ya kuanza. Robo ya uzito wa ganda au zaidi ni mafuta hayo, na viwandani yanatengenezewa rangi, vanishi na bitana za breki. Pwani ya Kerala kule India wavuvi wameyapaka kwenye mitumbwi na nyavu zao kwa muda mrefu. Tofauti yake na ufuta ni kwamba haya hukauka: juani hushikana na kuwa ngozi nyeusi ngumu ambayo wadudu na ukungu hawaipendi. Na kwa kuwa ni meusi, mwanga haupiti. Kile kinachoiua vanishi, hapa hakina nafasi.

Nilibaki nimeishika chupa ile nikiwaza hesabu ya ajabu ya nchi yetu. Mkorosho uliletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, ukaota kusini kuliko popote. Nachingwea ilijengewa hata kiwanda cha kubangulia. Na bado sehemu kubwa ya korosho yetu inasafirishwa ikiwa na ganda lake kwenda India na Vietnam. Ganda likiondoka, mafuta yameondoka. Kisha duka la vifaa pwani linatuuzia vanishi ya kopo kutoka ng'ambo, na asiye na pesa ya vanishi anapaka oili chafu ya injini, ile inayotoa rangi za upinde wa mvua juu ya maji kila chombo kinapoguswa na wimbi. Nimeona mashua nyingi zimepakwa oili hiyo. Inazuia mchwa kweli. Lakini inapakaa kwenye nguo za abiria, kwenye samaki na kwenye maji tunamowatoa samaki hao, na haina kazi yoyote ya maana ndani ya ubao.

Mbao zilihitaji karatasi zake: risiti ya mauzo, kibali cha kusafirishia mazao ya misitu, na alama ya nyundo kwenye kila kichwa. Sikutaka kuzisafirisha usiku, kwa hiyo nililala Nachingwea na kuondoka asubuhi. Kwenye geti la ukaguzi njiani ofisa alihesabu mbao moja moja, akalinganisha na kibali, akaniruhusu. Niliona utaratibu huu ni wa lazima, na natamani ungekuwa mkali zaidi kwa wanaopita na fuso zima kuliko kwa mwenye mbao chache juu ya keria.

Lindi tulisubiri bamvua. Maji yalipojaa sana tukaisogeza mashua juu ufukweni, yalipokupwa ikabaki imeegemea magogo. Vanishi ya zamani hatukuiondoa kwa moto. Tuliikwangua kwa vipande vya kioo, ambavyo kwa mkono uliotulia vinatoa ngozi nyembamba kuliko msasa, halafu msasa ukafuata njia ya nyuzi. Ukingo uliooza karibu na tezi ukatolewa wote. Mafuta ya ufuta niliyachuja, nikayachanganya na sifa kidogo na mafuta ya taa ya kuyafanya mepesi yapate kuingia, nikayapasha jua hadi yawe ya uvuguvugu. Harufu ya sifa nadhani haihitaji maelezo kwa mtu wa pwani.

Fundi na nahodha walibishana kidogo kuhusu vichwa vya mbao. Fundi alitaka kupigilia kwanza, kupaka baadaye, kama wengi wafanyavyo. Nahodha akakataa katakata, na nikawa upande wake: ubao ukishapigiliwa, kichwa kimebanwa kwenye mwenzake na mafuta hayakifikii tena, wakati maji ya mvua yatakifikia siku zote. Tukasimamisha mbao ndani ya madebe yenye mafuta, vichwa chini, usiku mzima. Asubuhi mafuta yalikuwa yamepanda ndani ya ubao zaidi ya urefu wa kiganja. Ungeweza kuona mpaka yalipoishia, kahawia nzito chini na nyepesi juu. Misumari nayo ilizungushiwa nyuzi za pamba zilizolowekwa kwenye mafuta hayohayo, ili kila tundu lizibwe na kitu kinachokataa maji.

Ukingo wa kulia tumeupaka ufuta na sifa: mara tatu kwa wiki ya kwanza, kisha kila mwezi. Wa kushoto tumeupaka mafuta ya korosho ya mzee, mikono tukiwa tumeifunga mifuko ya plastiki, na kila aliyepita akiombwa ageuze uso kwa sababu ya mvuke. Umekauka mweusi, mgumu, na si mzuri kwa mtu apendaye kuona michirizi ya mninga. Chombo sasa kina rangi mbili, watu wanaulizia, na nahodha anajibu kwa ukarimu. Tumekubaliana kusubiri hadi mvua za mwakani zipite, kisha tung'oe kipande kidogo cha kila upande na kupasua vichwa vyake, maana weusi wa kuoza huanzia hapo, na macho ya nje hayaoni.